Risala ya Wanawake wa Ak-Tektir: Sufu Yetu Iko Wapi?

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Gavana wa Mkoa, Bi Anarkan Tilekova, Mwenyekiti wa kijiji, wazee wa baraza mliokaa mbele, wanakijiji wote, na wewe mkandarasi, Bwana Shamyrbek, ambaye tunakuona umekaa karibu na mlango,

Assalamu alaikum.

KARIBU MGENI WETU

Sisi, wanawake thelathini na mmoja wa kikundi cha kukanda sufu cha Ak-Tektir, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumesikia kuwa dereva wako alishuka mara mbili kufunga minyororo kwenye magurudumu. Pole sana kwa safari. Chai ya maziwa iko motoni, maandazi yamekaangwa asubuhi hii, na kondoo ameshachinjwa. Utakula, Mheshimiwa, usiwe na wasiwasi.

Ila tunakuomba radhi kwa jambo moja. Tumeamua usomewe kwanza, ndipo ule. Kwetu ni aibu kubwa mgeni kusomewa akiwa na njaa, na wazee wametugombeza tangu jana. Tumekubali kugombezwa. Kuna mtu tulimlisha kwanza, tukamkagua baadaye, na yaliyotupata ndiyo haya tunayokuja kuyasema.

Risala inasomwa na mkunga wetu, Ulkan, kwa sababu ana sauti na macho yake bado mazima. Maneno ni yetu sote. Pale yatakapokuwa makali kupita kiasi, jua ni ya Burul, yule mama mwenye kitambaa cha kahawia, mwenyekiti wa kikundi chetu. Tulimwomba apunguze ukali. Akatujibu, "Nimeshapunguza." Tumetafuta alipopunguza, hatujapaona.

CHUMBA HIKI KILIANZIA WAPI

Mheshimiwa, kwenye barua ya mwaliko imeandikwa kuwa chumba hiki cha kujifungulia ni matunda ya mpango wa maendeleo wa mkoa. Hatukatai. Lakini hakikuanzia kwenye mpango. Kilianzia kwenye kebini ya lori la majani makavu.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Januari, mkamwana wa Burul, Sairakan, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Zahanati yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye jiko lililopasuka. Burul akampakia kwenye lori wampeleke hospitali ya wilaya. Huko juu mlimani theluji ikawafungia njia. Mtoto akazaliwa humo humo ndani ya lori, msichana, akalia vizuri kabisa. Burul akamtia kifuani, ndani ya koti lake, akamkumbatia kwa saa tano mpaka trekta la barabara likaja kuwavuta. Walipofika hospitali, Burul alikataa kufungua koti. Daktari alimwomba mara tatu.

Hatutasema zaidi. Wengi mlioko hapa mlikuwepo mazishini.

Kipupwe chote na masika yote Burul hakusema na mtu. Siku ya kukata manyoya ya kondoo, sote tukiwa na mikasi mikononi, akainua kichwa akasema, "Mimi nataka chumba cha kuzalia hapa hapa kijijini. Kiwe na joto kama hema la mama yangu. Sufu ninayo." Tulishtuka, maana tulikuwa tumeshakizoea kimya chake. Kisha kila mmoja wetu akasema na yeye sufu anayo.

Mkoa ulisikia, na kwa hilo tunashukuru kwa dhati. Mkoa ulitoa kuta, jiko, madirisha na mkandarasi. Sisi tukajifunga kutoa kizuia baridi cha darini: kiyizi, yaani mikeka mizito ya sufu ya kondoo tunayokanda wenyewe, ile iliyowalaza babu zetu salama kwenye mahema wakati wa barafu.

KAZI TULIYOIFANYA

Mheshimiwa, huenda wewe unaijua kazi hii, maana tumeambiwa bibi yako alikuwa wa milimani. Sufu hupigwa kwa fimbo mpaka ilegee. Hutandazwa juu ya mkeka wa matete, ikamwagiwa maji yanayochemka, ikakunjwa kama gogo, kisha wanawake wanane wanapiga magoti kwenye mstari mmoja na kuivingirisha kwa mikono, kuanzia kiwiko mpaka kiganja, nenda rudi, nenda rudi, tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Maji lazima yawe ya moto. Ngozi ya mikono hutoka. Burul ana makovu mpaka leo, na hapendi mtu ayatazame.

Tulifanya hivyo majira mawili ya joto. Tukapata mikeka arobaini na miwili, unene wa vidole viwili kila mmoja. Na kama ilivyo desturi yetu, kila mwanamke alitia alama yake kwenye pindo la mkeka wake, kwa uzi wa rangi yake. Alama ya Burul ni mishono mitatu, mweusi, wa njano, mweusi. Yeyote kati yetu anaweza kuamshwa usingizini, akapapasa pindo, akakuambia ni mkeka wa nani.

Bwana Shamyrbek alikuja kuikagua mwenyewe. Alikaa sebuleni kwa Burul, akala nyama, akapewa mfupa wa paja, sehemu ya heshima. Akaubonyeza mkeka kwa kiganja akasema, "Lo! Apa, hapa baridi itagonga mwamba." Alimwita apa, mama. Burul akamletea mkataba, akamwambia asome kwa sauti: dari ifunikwe kwa kiyizi ya Ak-Tektir, tabaka mbili, bila pengo. "Rudia," Burul akamwambia. Akarudia. Akatia saini, akaomba chai nyingine.

Mwezi wa Septemba akaja na malori mawili akaichukua mikeka yote. Siku zile sote tulikuwa mashambani tunachimba viazi, na wanaume walikuwa wanateremsha mifugo kutoka malisho ya juu. Kwa siku nne hakukuwa na mtu mzima kijijini. Ndizo siku nne alizozichagua kufunga dari.

Na hapa tunalitaja kosa letu wenyewe, asije akatutajia mwingine. Tuliporudi tukakuta dari imepigwa misumari, nyeupe, nzuri, inang'aa. Wazee wakaja, wakafungua mikono, wakatoa bata, ile dua yetu ya kubariki nyumba, sote tukapitisha viganja usoni. Tukamvika mkandarasi joho na kofia nyeupe ya heshima. Hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi. Kwetu nyumba ikishatolewa bata, anayepita nyuma yake kukagua ni kama anawaambia wazee dua yao ni ya bei rahisi. Mkandarasi ni mtoto wa milima hii hii. Hilo alilijua vizuri sana.

MASAIBU YETU

Kwenye risala nyingine sehemu hii huitwa changamoto. Burul amekataa neno hilo. Amesema changamoto ni mvua kunyesha siku ya kuanika sufu. Hili lina jina lake.

Theluji ya kwanza ilianguka katikati ya Oktoba. Asubuhi Burul akatoka na ndoo kwenda kumkamua ng'ombe wake. Paa la nyumba yake lilikuwa jeupe. La jirani jeupe. La shule jeupe, la msikiti jeupe. Akatupa jicho upande wa zahanati, ambako Ulkan alikuwa amewasha jiko kujaribu chumba kipya. Paa lile lilikuwa jeusi, limelowa, linatiririka maji kama nguo iliyoanikwa.

Burul alisimama pale na ndoo yake. Sisi watu wa hapa hatuhitaji fundi atuambie maana yake. Paa lenye sufu chini yake hukaa na theluji mpaka Aprili, kwa sababu joto halitoki. Paa linaloyeyusha theluji linapasha joto mawingu.

Akaiacha ndoo njiani, akaingia zahanati.

"Ulkan, umewasha jiko tangu lini?"

"Tangu jana alfajiri, apa. Makaa yanateketea tu. Chumba hakishiki joto."

Kipimajoto cha ukutani kilisema nyuzi tisa. Burul akapanda juu ya meza. Pembeni ya taa kulikuwa na upenyo mdogo kwenye dari. Akachomoa sindano yake ndefu, ile ya kushonea mikeka, akaisukuma ndani. Mheshimiwa, sindano ikiingia kwenye sufu iliyokandwa hukamatwa. Ni lazima uivute kwa nguvu, wakati mwingine kwa meno. Hii ilizama kama imeingia hewani. Akaivuta bila taabu, ikatoka na punje nyeupe imenasa kwenye ncha. Akaiminya kwa vidole, ikalia kwii. Ni ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya ndani ya boksi.

Burul alikaa juu ya meza ile, akalia. Tunalisema hili hadharani ingawa ametukataza. Hakulia miaka minne iliyopita, alilia siku ile.

Tukampigia simu mkandarasi. Akaja baada ya siku nne, na joho tulilomvika akiwa amelivaa. Mazungumzo yao tunayaweka hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu tulikuwa kumi na wawili tukisikiliza.

"Eti mmeniitia sindano?"

"Nimekuitia sufu yangu. Iko wapi?"

"Si iko juu, apa."

"Juu wapi?"

"Juu darini. Itakuwa wapi kwingine?"

"Mbona sindano yangu haikuiona?"

Akacheka. "Apa yangu, sufu inaliwa na nondo. Nimewawekea kitu cha kisasa, majumba makubwa ya mjini yanatumia hiki hiki. Badala ya kunishukuru mnanichomea dari!"

"Kwa hiyo sufu haiko."

"Nimesema nimewawekea kitu bora zaidi."

"Sasa hivi umesema iko juu."

Hapo akakohoa. Huenda na leo atakohoa, nafasi ya kukohoa tumemwachia.

Alipomaliza kukohoa akapandisha sauti. "Sikiliza, mama. Wewe kanda sufu, mimi nijenge. Na yeyote atakayegusa dari kabla ya siku ya makabidhiano, uharibifu wote ni juu yenu. Someni mkataba."

"Nimeusoma," Burul akasema. "Wewe ulinisomea mwenyewe, mara mbili."

Akaenda kwenye lori lake kwa hasira, likagoma kuwaka. Akafungua boneti. Mheshimiwa, unajua madereva wa huku hufunika injini kwa kipande cha mkeka wa sufu ili isigande. Alikuwa amefunika. Burul akasogea karibu, akainama, akaona pindo. Mweusi, wa njano, mweusi.

Akaweka kiganja juu yake. Ulikuwa na joto. Anasema kwa dakika ile alitamani kumpiga mtu kwa ndoo, na ndoo alikuwa ameiacha nyumbani.

"Mdogo wangu," akamwambia, "injini yako imelala pazuri."

"Mikeka yote inafanana!"

"Kwa asiyeikanda."

Akaibamiza boneti, akaondoka. Kesho yake wawili wetu wakateremka mpaka soko la magari na mifugo la wilayani, wakapapasa mapindo. Wakaikuta kumi na mmoja. Mmoja ulikuwa mgongoni mwa farasi, mwingine kwenye kibanda cha mlinzi. Picha zipo kwenye simu ya Ulkan. Wauzaji walisema wameletewa na mtu mwenye malori mawili.

Burul akaenda kwa Mzee Kasymaly, mkuu wa baraza. Mzee ametuomba tusisome sehemu hii. Mzee, tunakuheshimu, na tunaisoma.

"Bata imeshatolewa, Burul," alisema. "Hatuwezi kwenda kuifumua."

"Ulibariki nini, mzee?"

"Nilibariki dari."

"Uliiona?"

 Wiki ile ile mzee alituma kwa Burul mkeka wake wa kuswalia, wa sufu, mnene. Alipoutuma hakueleza ni wa nini. Mambo ya mkeka huo tutayafikia.

Baada ya hapo tulijaribu chumba kwa wiki tatu. Jiko likiwaka kutwa, Ulkan aliacha bilauri ya maji dirishani. Asubuhi ilikuwa na utando wa barafu. Hapo ndipo mtoto mchanga, aliyelowa, atakapofumbua macho. Mkandarasi anatuambia ni cha kisasa.

Na tusijifanye tunaongea habari za watoto kwa jumla. Sairakan ni mjamzito tena. Amekaa mstari wa pili, mwenye shali ya bluu. Ametusihi, "Msinitaje." Tumekutaja, mama, tusamehe. Siku zake ni kumi na mbili kutoka leo, na njia ya mlimani, wewe mwenyewe Mheshimiwa umeiona, haina siku kumi na mbili. Tangu theluji ianguke Burul hulilaza koti lake lile la zamani juu ya kitanda cha Sairakan kila jioni. Sairakan hawezi hata kulitazama, na hawezi kumwambia alitoe.

MAOMBI YETU

Ndani ya jalada la msaidizi wako kuna karatasi ya makabidhiano. Tumeambiwa ukiitia saini, kazi imepokelewa, na Bwana Shamyrbek hadaiwi tena kitu mpaka masika, atakapokumbuka njia. Tunakuomba usiitie. Si kesho, si baada ya chakula, si kwa masharti. Usiitie kabisa.

Hatukuombi sufu. Nenda dirishani utaona mkokoteni uani, umefunikwa turubai. Una mikeka arobaini. Tumeitoa majumbani mwetu, sakafuni, ukutani, vitandani. Wa Burul ni ule aliokandiwa na mama yake alipoolewa, na tangu juzi analala kwenye mbao. Wa Mzee Kasymaly uko juu kabisa, ule wa kuswalia. Nguvu za kuipandisha tunazo, na kufikia kesho jioni dari itakuwa imefunikwa tabaka mbili, bila pengo, kama mkataba ulivyosema. Tusichokuwa nacho ni ruhusa ya kung'oa misumari. Hiyo unayo wewe peke yako katika mkoa huu mzima.

Mikeka yetu arobaini na miwili tunaitaka irudi, na aliyeichukua ndiye ajue itarudije. Mmoja hauko mbali. Lori lake lipo hapo nje, na kabla hujaondoka tunakuomba uamuru boneti ifunguliwe mbele ya watu wote, kisha upapase pindo kwa mkono wako. Mishono mitatu.

Kuhusu joho, Bwana Shamyrbek, hatukunyang'anyi. Kwetu kilichotolewa kwa heshima hakidaiwi. Livae tu. Kila atakayekuona nalo atajua ulivikwa wapi na kwa ajili gani.

HITIMISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba inasema baada ya risala utakata utepe. Utepe tumeufunga ukutani hapa mbele yako, tumeusuka wenyewe, mwekundu, ni mzuri, na tungependa ubaki mzima mpaka siku ya mtoto wa kwanza. Sinia italetwa mbele yako sasa. Usitafute mkasi, hatukuuweka. Tumeweka nyundo ya kung'olea misumari. Ngazi iko chini ya taa, pale pale alipopitisha sindano Burul, na wanawake sita wameishika, haitatikisika.

Mungu akupe uzima, awape watoto wako afya, akufungulie njia ya kurudi. Mikono yetu tumeifungua kwa dua hii, kama unavyoona, sisi sote na wazee pia. Safari iliyopita tulipitisha viganja usoni kabla ya kuona. Leo tunabaki hivi hivi, mikono wazi, mpaka uwe umepanda, umeona, na umetuambia kwa sauti kilichomo.

Ni sisi,
Wanawake Wakanda Sufu wa Ak-Tektir.